Safari ya Ouro Preto Jumamosi hii

Habari zenu wapendwa. Tukutane stendi ya mabasi hapa Belo Horizonte, Brazil, saa 12:30 asubuhi, kwa sababu basi linaondoka saa 1 kamili na halingoji mtu. Hadi Ouro Preto, mji wa kale wa dhahabu, ni kama kilomita 100, saa mbili hivi njiani. Beba kitambulisho cha mwanafunzi.

Viatu, jamani! Vaeni raba zenye soli ya kushika. Mji wote ni milima na barabara za mawe, na mvua ikinyesha mawe yanateleza vibaya.

Tutaanzia uwanja wa Tiradentes, pale kichwa cha mpigania uhuru huyo kilipotundikwa mwaka 1792. Kisha kanisa la São Francisco de Assis, kazi ya Aleijadinho, mchongaji ambaye mama yake alikuwa mtumwa Mwafrika. Nakshi za juu ya mlango wake zimechongwa kwa jiwe la sabuni, kama lile la Kisii, Kenya. Ndugu zetu wa Kisii, mtajisikia nyumbani.

Mahali ninapoomba tusipaharakishe ni Santa Efigênia, juu kabisa kilimani. Kanisa hilo ni la udugu, yaani chama cha kidini, wa watu weusi, na inasimuliwa kuwa wanawake waliosha pale nywele walimoficha vumbi la dhahabu ili kuchangia ujenzi. Dhahabu ya mji huu ilichimbwa kwa mikono ya babu zetu Waafrika. Tukifika pale, tukae kimya kidogo kabla ya kupiga picha.

Anayekuja aandike jina lake hapa kabla ya Alhamisi jioni, ninunue tiketi.