Yah: Malalamiko kuhusu skripti ya kujengea programu yenu ya mita za maji

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Jumuiya yetu ya watumia maji hapa Tanga ililipia leseni ya programu yenu ya kukusanya usomaji wa mita, pamoja na msimbo chanzo wake. Mkataba unasema programu itafanya kazi "kwenye mfumo wowote wa jamii ya Unix". Naunukuu kama ulivyo kwa sababu majibu yote ya dawati lenu la msaada yanaishia mahali pamoja: wekeni Ubuntu, yaani aina moja tu ya Linux.

Hatuweki Ubuntu. Seva yetu ni FreeBSD, mfumo wa jamii ya Unix usio Linux, kumbukumbu za wateja zimo humo kwenye mfumo wa mafaili wa ZFS tangu kabla hatujawafahamu ninyi, na haijawahi kutusumbua. Visanduku vilivyofungwa kwenye matangi vinatumia Alpine, Linux ndogo, kwa kuwa nafasi yake ya kuhifadhi ni finyu, na prosesa zake ni ARM za biti 64. Watu wanatumia mifumo hii duniani kote. Ni skripti yenu tu isiyoijua.

Naanza na madogo. Mstari wa kwanza wa faili la configure, ndiyo skripti yenyewe inayoukagua mfumo kabla ya kujenga programu, unaita /bin/bash, programu ya kuendeshea amri. Alpine haiji na bash, na kwenye FreeBSD hata ukiisakinisha inakaa /usr/local/bin. Kijana wetu wa zamu alipoiendesha kwenye kisanduku alijibiwa "./configure: not found", huku faili analiona kwenye orodha. Kinachokosekana ni bash, lakini ujumbe unalitaja faili, basi asubuhi yote ikaishia kupakua kifurushi upya akidhani kimeharibika. Na bash yenyewe mnaihitajia nini? Safu moja tu ya majina ya saraka, ambayo sh ya kawaida, iliyomo kwenye kila mfumo wa jamii ya Unix, ingeimaliza kwa kitanzi cha for.

Kwenye FreeBSD, tulipovuka hapo, amri yenu ya kuhariri mafaili, sed -i, iliyoandikwa kwa mtindo wa GNU unaotumika kwenye Linux, iliichukua amri ya kubadilisha maneno ikaifanya kiambishi cha jina la nakala ya akiba, kisha ikalisoma jina la Makefile kana kwamba ndilo amri. Halafu config.guess, faili linalokisia aina ya mashine: tarehe iliyo ndani yake ni ya 2009, wakati ambapo faili hilo lilikuwa halijafundishwa ARM ya biti 64, kwa hiyo linasema haliwezi kuikisia mashine. Mradi wa GNU unatoa toleo jipya bure. Kazi ni kunakili mafaili mawili, hilo na config.sub. Haya tuliyarekebisha wenyewe, wala nisingewaandikia barua kwa ajili yake.

Nimeandika kwa sababu ya flock, ile fankisheni ya kufunga faili ili programu mbili zisiliandike kwa wakati mmoja. Ili kujua kama mfumo unayo, skripti yenu inatunga programu fupi ya majaribio, lakini haiingizi sys/file.h, faili la vichwa linaloitangaza fankisheni hiyo. Kompaila za zamani, yaani programu zinazogeuza msimbo chanzo kuwa lugha ya mashine, zilinung'unika na kupitisha. Kompaila ya GCC 14, iliyotoka 2024, inakataa: kuita fankisheni isiyotangazwa ni kosa, na kiwango cha C kiliacha kuruhusu jambo hilo tangu 1999. Jaribio linafeli kwa sababu limeandikwa vibaya, skripti inahitimisha kwamba mfumo hauna flock, inachapa "checking for flock... no" katikati ya msururu wa mistari, inaendelea, na mwishowe inatangaza kwamba kila kitu kiko tayari. Alpine inayo flock. Imo ndani ya musl, maktaba yake ya C. Niliongeza ule mstari mmoja kwenye jaribio lenu, likapita.

Hivyo programu ikajengwa bila kufunga mafaili. Sehemu inayosoma mita na ile inayotuma data zikawa zinaandika faili moja kwa pamoja, mistari ikaingiliana, usomaji wa nyumba moja ukadandia namba ya mita ya jirani. Hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotufikia. Aliyetugutusha ni mama lishe mmoja aliyekuja ofisini na ankara ambayo hata shule ya bweni isingeifikisha. Sababu ilikuwa imejikalia ndani ya config.log, kumbukumbu ya majaribio ya skripti, muda wote: "implicit declaration of function". Nimeliambatisha faili hilo.

Mahali pengine skripti haijaribu kabisa, inauliza jina la mfumo tu. Ikiambiwa Linux, inaamini faili la vichwa execinfo.h lipo, wakati hilo ni la glibc, maktaba ya C ya Linux nyingi, na musl haina. Fundi bomba haulizi jina la mtaa ili ajue kama kuna maji. Anafungua koki aone.

Mhandisi wenu alinijibu kwamba skripti hiyo imezalishwa na mashine, haina haja ya kusomwa. Machi 2024 mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mfumo, uligunduliwa katika programu ya kubana mafaili ya xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na sehemu ya kuuwasha ilifichwa kwenye faili la kujengea lililokuwa ndani ya kifurushi cha kupakua bila kuwemo kwenye hazina ya msimbo. Baada ya hapo sikutarajia jibu kama hilo kutoka kwa mtu anayeuza programu.

Tunataka kabla ya mwisho wa mwezi huu mtuletee toleo ambalo skripti yake inaendeshwa na sh ya kawaida, inajaribu kila fankisheni kwa faili lake la vichwa, na inasimama kabisa isipoipata flock badala ya kuendelea kimyakimya. Skripti yenu tumeijaribu kwa viraka vyetu, yaani marekebisho ya msimbo, kwenye Alpine na FreeBSD, na viraka hivyo vimo kwenye kiambatisho, mvitumie bila malipo. Ikishindikana, turudishieni ada ya leseni pamoja na fidia ya ankara tulizolazimika kuzifuta. Majibu yaje kwa maandishi, na yaandikwe na mtu aliyeifungua config.log.

Wako mwaminifu,
Msimamizi wa mifumo ya kompyuta

Nakala: Mwenyekiti wa Jumuiya, Mweka Hazina