Bastola ndogo si njo rahisi kwa mwenye kuanza

Kwako Muhariri,

Unisamehe barua itakuwa ndefu. Ile barua mulitoa wiki iliyopita, ya yule ndugu wa Lubumbashi anayekaa Marekani, ile anawashauri dada zetu wanaoenda Kentucky na Texas wanunue "kabastola kadogo ka kuweka mu sakoshi juu mwanamuke mukono wake ni muepesi", ilinikosesha usingizi, maana miye niliishi Louisville, kule Kentucky, miaka 9 kabla ya kurudi hapa Kampemba na nilifanya paka ile kitu anasema, na najua iliishia wapi.

Sijakuja kubishana kama mutu abebe silaha ao asibebe. Kule sheria inaruhusu, tangu 2019 Kentucky mutu wa miaka 21 na zaidi asiyekatazwa na sheria anaweza kubeba bastola chini ya nguo hata bila permi, na mwaka 2022 Korti Kuu ya Marekani ilisema kubeba silaha nje ya nyumba kwa kujilinda ni haki ya mutu. Kwa hiyo watoto wetu wanaofika kule wanaikuta ile kitu mu maduka sawa vile tunakuta mafuta ya kupikia, na watanunua, na njo maana ushauri wa kwanza wanaopata usikuwe ule mubaya.

Nilikuwa nafanya kazi ya usiku mu depo, natoka saa tisa na nusu za usiku, parkingi ni kubwa na taa nusu zimekufa. Mwenzangu mumoja alinyanganywa pale simu na pesa ya loyer yote, wakampiga. Mwisho wa ule mwezi nikaenda mu duka ya silaha. Muuzaji aliniangalia mara moja, akanitolea kitu kadogo kama simu, gramu 270 hivi, akasema hii ni ya wanawake. Nikalipa. Niliona kweli inafaa, inaingia mu kiganja, haionekani, haina uzito.

Siku ya kwanza ku uwanja wa kupigia nilibeba boksi ya masasi 50. Ile ya tano ngozi katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada ilikuwa nyekundu, ile ya kumi na mbili nikaanza kufunga macho kabla ya kuvuta gasheti, kale kachuma ka kuvuta na kidole, na karatasi ya kulenga ilikuwa mbele yangu metre 5 tu lakini matundu yalikuwa manne, mengine sijui yalienda wapi. Mara mbili lisasi lilikwama ndani. Nikafikiri ni miye, mukono wangu wa kike, sawa vile yule ndugu anaandika.

Monitere, muzee mumoja aliyekuwa askari zamani, akanyoosha mukono akaichukua, akanipa ya kwake, Glock 19, akasema piga. Ilikuwa nzito zaidi ya mara mbili. Nikapiga masasi kumi na tano, na yote yaliingia mu karatasi. Miye yule yule, mukono ule ule, robo saa kisha.

Akanieleza na nataka wasomaji wako wasikie vizuri, juu hapa njo kosa la ile barua. Lisasi likitoka mbele bastola inarudi nyuma, na kadiri bastola ni nyepesi ndivyo teke lake linauma zaidi. Tena bastola ndogo ni fupi, vile vilengeo viwili vya juu viko karibu karibu, ukikosea kiloko tu pale ku mukono kule mbele lisasi limeenda pembeni mbali. Na mufuniko wake wa juu, ile sehemu unavuta nyuma kwa kuingiza lisasi la kwanza, ni mwepesi na mufupi kwa hiyo wanauwekea ressort ngumu sana, dada mwenye vidole vyepesi anashindwa hata kuuvuta, na akishika bastola kwa mukono ulegevu inakwama. Ile kitu ndogo ni ya mutu aliyezoea, anayejua anaacha nini ili afiche vizuri. Mwenye kuanza anahitaji kitu cha katikati, cha lisasi la upana wa milimita 9, mupini unaojaza mukono mpaka kidole kidogo kipate mahali pa kushika. Siku hizi kuna hata za wembamba zenye kubeba masasi ya kutosha, kama SIG P365 iliyotoka 2018 na sharjeri, kale kasanduku ka kuweka masasi, ya masasi 10, lakini hata hiyo ningemwambia mutu akodishe ku uwanja apige kwanza, maana viwanja vingi kule vinakodisha, unalipa pesa kiloko unajaribu tatu ao nne siku moja. Miye sikujua. Nilinunua kwa macho.

Wengine watasema revolva basi, ile ya ngoma ya masasi yenye kuzunguka, haikwami. Ile fupi ya masasi matano ni nzuri kweli kwa mambo mengi, lakini gasheti yake ni nzito sana kuvuta, na zile nyepesi zinapiga teke kuliko hata ile yangu ya kwanza. Bibi mumoja wa kanisa letu alipewa moja na bwana yake, akapiga mara mbili, akaiweka mu kabati, haikutoka tena.

Sasa ya sakoshi. Hapa njo nilipoamka usiku.

Ilikuwa Siku ya Mungu, tumetoka kanisa, tuko ndani ya gari ya shemeji yangu, miye mbele na sakoshi yangu chini kati ya miguu. Mutoto wa dada yangu alikuwa na miaka 4. Alijua miye ni yaya wa bonbon, kila Siku ya Mungu natoa bonbon mu ile sakoshi. Nikageuka kumwongelesha mama yake nyuma, na yule mutoto alikuwa amepita katikati ya viti, mukono umeingia ndani mpaka ku kiwiko. Nilisikia funguo zinagongana. Niliposhika mukono wake kidole kilikuwa kimegusa mupini, na ile bastola ilikuwa imelala pale hivi hivi, na funguo, na kalamu, na leso, bila etui, ule mufuko wa kuingiza bastola, lisasi liko ndani tayari. Nilishuka mu gari nikakaa chini ku lami na kabaa yangu ya kanisa. Dada yangu hakunisemesha siku tatu na alikuwa na haki.

Bastola nyingi za kisasa hazina kile kifungo cha kufunga pembeni, Glock haina, usalama wake uko ndani ya gasheti yenyewe, maana yake kitu chochote kikivuta gasheti inalia, kidole, funguo, kamba ya jaketi, pindo la shati. Kwa hiyo etui ngumu inayofunika gasheti yote si kitu cha kuongeza kisha pesa ikipatikana, inanunuliwa siku moja na bastola, na kama pesa haitoshi vyote viwili basi bastola ingojee. Na ikae ku mwili. Sakoshi inaibiwa, sakoshi inasahaulika ku kiti, sakoshi watoto wanaijua. Najua kwetu sisi wa kuvaa kabaa na kitenge hakuna mukaba wa kuning'iniza kitu, miye nilipata ule mukanda mupana wa tumbo wenye plastiki ngumu ndani, nauvaa chini ya kabaa, joto yake ni mbaya lakini mutoto hafikii. Nyumbani inaingia mu sanduku ya kufunga, kila siku, hata ukichoka.

Na makaratasi. Yule ndugu hakugusa hata kidogo. Mwenye viza ya kutembea ao ya masomo asiende kununua, sheria ya Marekani inamukataza isipokuwa kwa sababu chache sana, na atajaza fomu pale dukani na jina lake litachunguzwa. Mwenye green card, ile karata ya kukaa kule kwa kudumu, anaweza. Na permi ya jimbo moja haipiti kila mahali, Illinois haiko mbali na Louisville lakini kule wanataka permi yao wenyewe.

Neno moja kwa wale wa hapa hapa, juu nimesikia vijana wa Bel-Air wanaulizana bei tangu ile barua itoke. Hapa si Marekani, tuko chini ya sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na masasi, hata gardien wetu ku mulango ana filimbi na fimbo. Usibebe kitu mu valizi kutoka kule, hata sharjeri tupu.

Mudogo wangu anaenda Louisville mwezi ujao, alikata ile barua na makasi akaiweka mu pasipoti yake. Naomba mutoe na hii, ukurasa ule ule, ili awe nazo zote mbili.

Mama Mapasa,
Kampemba, Lubumbashi