Baba, usimkate Kipketer

Lowell, Massachusetts
Aprili

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Mama na wote wa hapo nyumbani. Mimi ni mzima. Kazi inaendelea na baridi imeanza kulegea, ingawa asubuhi bado natoka na koti zito. Nimefurahi kusikia mvua imeshika na shamba la juu limeshapandwa. Pesa za mbolea ya kukuzia nimetuma kwa simu ya Mama pamoja na karo iliyobaki, akizipata anipigie.

Ninaloandikia hasa ni jambo la mdogo wangu. Jumapili alinieleza kwamba darasa lao limepewa kazi ya kuandika majina ya wanafunzi wa zamani wa shule yetu ya wavulana ya St. Patrick's, hapo Iten, waliofika mbali, na kila jina lifuatwe na maelezo ya alichofanya mtu huyo. Alikuletea orodha yake uitazame. Ukachukua kalamu ukamkata Wilson Kipketer, yule mkimbiaji wa mita 800 aliyechukua uraia wa Denmark, ukasema huyo si wetu, alijiuza kwa Wazungu. Kijana alinyamaza, na alifanya vyema kunyamaza mbele ya baba yake. Mimi nami sikujibizi, ila nakuomba kwa heshima zote unisikilize hadi mwisho wa karatasi hii.

Juzi Jumatatu zilikuwa mbio za Boston. Hukimbiwa kila mwaka Jumatatu ya tatu ya Aprili, kutoka mji mdogo wa Hopkinton hadi mtaa wa Boylston katikati ya jiji. Sisi Wakenya wa Lowell tulipanda treni mapema, tukasimama karibu na utepe, bendera mabegani, chai tumeibeba kwenye thermosi. Pembeni yangu alisimama mzee mmoja wa hapa. Aliponiuliza natoka sehemu gani ya Kenya nikamwambia Iten, akanishika mkono kwa nguvu. Kumbe mwaka 1988 alikuwa amesimama mtaa huo huo siku Ibrahim Hussein alipofika. Akanionyesha kwa kidole mahali Hussein alipompita Juma Ikangaa wa Tanzania. Baada ya kilomita 42 walitenganishwa na sekunde moja tu: saa 2:08:43 na 2:08:44. Namhurumia Ikangaa kila nikikumbuka mbio zile, maana mwaka uliofuata alikuja wa pili tena, na mwaka wa tatu vilevile. Lakini aliyeshinda alikuwa wa St. Patrick's, na alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Mwaka mmoja kabla, 1987, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda New York. Boston alirudi akaichukua tena 1991 na 1992.

Hussein huyo umempigia tiki kwenye orodha. Peter Rono pia, na ndivyo inavyostahili. Najua unavyompenda Rono, kwa sababu tangu tukiwa wadogo umetusimulia fainali ya mita 1500 ya Olimpiki ya Seoul, 1988, jinsi kijana wa miaka 21 alivyokaa mbele na Peter Elliott wa Uingereza akashindwa kumfikia. Ulikuwa mwaka wa Wakenya ule: Paul Ereng mita 800, Rono 1500, John Ngugi 5000, Julius Kariuki kwenye viunzi na maji. Lakini Rono alipotwaa dhahabu ile alikuwa mwanafunzi huku Marekani, kwenye chuo cha Mount St. Mary's katika mji mdogo wa Emmitsburg, Maryland. Hussein naye alipitia Chuo Kikuu cha New Mexico. Wote wawili waliondoka Iten wakaja kukimbia na kusoma ugenini, na hakuna hata mmoja kijijini anayesema walijiuza.

Sasa Kipketer. Aliondoka 1990 kama mwanafunzi wa kubadilishana, akaenda Denmark, akasomea uhandisi wa elektroniki Copenhagen, akakaa. Wakati huo sheria yetu haikumruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Ungetaka kuwa wa kule, ulipaswa kuacha wa huku. Kwa hiyo Baba, unaposema aliitupa Kenya, kumbuka kwamba hakuna aliyempa nafasi ya kushika zote mbili. Na uamuzi ule aliulipia. Mwaka 1996 alikimbia mita 800 kwa dakika 1:41.83 kule Rieti, Italia, na hakuna mwingine duniani mwaka huo aliyekimbia kasi hiyo. Hata hivyo Olimpiki ya Atlanta hakukimbia, kwa sababu uraia wa Denmark ulikuwa haujakamilika. Alikuwa katika ubora wake wote, na mashindano yakafanyika bila yeye. Mwanariadha hupata Olimpiki moja kila miaka minne, na huenda miguu ikawa tayari mara moja tu katika maisha.

Mwaka uliofuata ndio ninaotaka mdogo wangu auandike kwa urefu. Rekodi ya dunia ya mita 800 ilikuwa ya Sebastian Coe, dakika 1:41.73, na ilikuwa imekaa tangu 1981. Julai 1997 mjini Stockholm Kipketer akaifikia barabara, 1:41.73 ile ile. Agosti akaenda Zurich, 1:41.24. Siku chache baadaye, Cologne, 1:41.11. Kati ya Stockholm na Cologne hazikupita hata miezi miwili, na katikati yake akatwaa ubingwa wa dunia Athens. Ubingwa huo alikuwa ameshautwaa Gothenburg 1995, akautwaa tena Seville 1999. Dhahabu ya Olimpiki hakuipata. Sydney 2000 Mjerumani Nils Schumann alimshinda kwa sehemu sita za mia za sekunde, na Athens 2004 akapata shaba.

Kwa maoni yangu huyu ndiye mkubwa kuliko wote waliotoka shule ile. Najua Rono ana dhahabu ya Olimpiki naye hana. Najua Hussein alifungua mlango ambao Wakenya wameupita miaka yote hii. Lakini Kipketer alisogeza mbele kasi ambayo binadamu anaweza kukimbia mizunguko miwili ya uwanja, akafanya hivyo mara mbili baada ya kuifikia mara moja. Na ukitazama picha za video za mbio zake, zile hatua ndefu zisizo na papara na mabega yaliyotulia, unaona mafunzo ya barabara zetu za vumbi jekundu.

Hapo ndipo Bruda Colm O'Connell, kocha wa wakimbiaji wa shule, anapoingia, na ningependa jina lake liwe juu kabisa ya orodha ijapokuwa hakuwa mwanafunzi. Alitoka Ireland 1976 kuja kufundisha jiografia. Riadha hakuwa ameisomea. Aliyeshughulikia wakimbiaji pale shuleni alikuwa Mwingereza Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata shaba ya mita 10,000 Montreal mwaka huo huo. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia mwalimu wa jiografia. Akajifunza kwa kutazama wavulana wakikimbia na kuwauliza maswali. Miaka kumi baadaye, dunia ilipofanya mashindano yake ya kwanza ya vijana huko Athens 1986, sehemu kubwa ya timu ya Kenya ilikuwa wavulana wa shule yetu.

Tena kuna hili. Rekodi ya Kipketer ilidumu miaka 13. Aliyeivunja ni David Rudisha, Berlin, Agosti 2010, kwa 1:41.09: tofauti ya sehemu mbili za mia za sekunde. Na Rudisha alifunzwa na Bruda Colm huyo huyo, palepale Iten. Mwambie mdogo wangu asimtie kwenye orodha, maana watu wengi hudhani Rudisha alisoma St. Patrick's. Alitoka Kilgoris, na shule yake ilikuwa Kimuron, jirani zetu. Orodha iwe ya kweli. Lakini mwalimu ni mmoja, na mwanafunzi wake wa baadaye ndiye aliyempita wa mwanzo. Rekodi haikutoka Iten kwenda popote, Baba. Ilivaa fulana ya Denmark kwa muda, ikarudi na ya Kenya.

Nawe ukisema Kipketer aliinyima Kenya medali, nitakuuliza kwa adabu: ni lini tulikosa mtu wa mita 800? Ereng alishinda Seoul. William Tanui alishinda Barcelona 1992 na Nixon Kiprotich akawa wa pili. Uwanja ulikuwa umejaa Wakenya. Aliyekwenda Denmark hakuacha nafasi tupu nyuma yake.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike karatasi ndefu hivi. Nimeitwa kwenda kuapishwa kuwa raia wa Marekani, mwezi wa Juni. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa watu wa soko. Katiba ya 2010, kifungu cha 16, inasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Kitambulisho changu kinabaki, shamba linabaki, na nikija nyumbani nitapita mlango wa wananchi. Nimepata kile ambacho Kipketer hakupewa. Kwa kazi yangu hapa hospitalini itanisaidia sana, na nitaweza kuja mara kwa mara bila hofu ya viza. Lakini mdogo wangu aliponiambia ulivyopitisha kalamu juu ya jina lile, nililala vibaya. Nilijiuliza kama mwezi wa Juni utapitisha kalamu juu ya langu.

Nikiwa kidato cha kwanza nilikuwa na zamu ya kumwagilia ile miti iliyopandwa kwa ajili ya mabingwa wa shule, yenye vibao vya majina. Tulichota maji kwa ndoo nyuma ya jikoni, na kiangazi maji yalipopungua tulipunguza ya kuoga ili miti isikauke. Nilisoma vile vibao hadi nikavijua kwa moyo. Sikuwa mkimbiaji, wewe unajua, hata timu ya bweni sikuingia. Lakini nilivyofika huku peke yangu na begi moja, niliwafikiria sana wale watu, kwamba walitoka kwenye madawati yale yale na chakula kile kile.

Kwa hiyo naomba: mwache kijana amwandike Kipketer, na aziweke zile nyakati tatu za 1997 kwa mpangilio wake, Stockholm, Zurich, Cologne. Kama bado unakataa, niandikie sababu zako kwa mkono wako, si kwa ujumbe wa simu, nami nitazisoma kwa makini kama ninavyotaka uzisome zangu. Na kuhusu Juni, nahitaji baraka zako kabla ya siku ile. Mama ameshanipa zake. Usimkasirikie kwa kutokuambia, nilimwomba aniachie nikuambie mwenyewe.

Msalimie Nyanya sana. Lile goti la Mama lisicheleweshwe tena, apelekwe Eldoret wiki ijayo, gharama nitalipa.

Mwanao akupendaye.