Barua kwa mwanangu: uliza ni arrondissement ipi

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako mara tatu tangu jana usiku na moyo wangu bado haujatulia. Unasema mwenye chumba amekuhakikishia kwamba utakaa Paris, katika arrondissement (neno la Kifaransa tunalolitafsiri wilaya) ya Saint-Denis, na kwamba namba ya posta inaanza na 93. Arrondissement za Paris ni 20, hutajwa kwa namba, na namba zake za posta huanza na 75. Chumba hicho hakiko Paris.

Simwiti mtu huyo tapeli. Saint-Denis ni mji halisi, uko kaskazini mwa Paris katika mkoa wa Seine-Saint-Denis, nao mkoa huo una arrondissement 3, mojawapo ikiwa hiyo aliyoitaja. Shida ni kwamba neno moja limebeba maana mbili. Maana ya kwanza ni sehemu ya mkoa, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1800 wakati wa Napoleon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa, na msimamizi wake huteuliwa na serikali, kama alivyo Mkuu wa Wilaya kwetu. Ya pili ni sehemu ya jiji, nayo hupatikana Paris, Lyon na Marseille tu, ikiwa na meya na baraza lake, ingawa baadhi huchangia meya mmoja, kama nne za kwanza za Paris. Muulize kwa maandishi alikusudia ipi, na usitume hata senti ya kodi kabla hajakujibu.

Swali lako la kidato cha pili, lile la kwa nini neno la Kifaransa la wilaya, arrondissement, lifanane na neno lao la duara, lilistahili jibu, na madaftari niliyokuwa nikisahihisha yangeweza kusubiri. Jibu ni kwamba halifanani kwa bahati. Linatokana na kitenzi arrondir, kufanya kitu kiwe cha mviringo, na ndani yake mna rond, yaani mviringo, lililotoka katika Kilatini rotundus, ambalo nalo ni jamaa ya rota, yaani gurudumu. Wafaransa hulitumia arrondir pia kwa maana ya kuongeza na kukamilisha ardhi ya mtu, kwa hiyo si ajabu neno hilo likahusishwa na eneo. Neno letu wilaya tulilipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni mamlaka. Nimefundisha miaka mingi kwamba maneno hayo mawili ni sawa, nikaishia hapo, na sasa naona ulikwenda na tafsiri fupi kuliko ulivyohitaji.

Paris ilikuwa na arrondissement 12 tangu 1795, zikawa 20 mwaka 1860 jiji lilipopanuliwa. Hesabu inaanzia katikati, upande wa jumba la makumbusho la Louvre, kisha inazunguka kwenda nje kama gamba la konokono. Kwa kawaida tarakimu mbili za mwisho za posta ndizo namba ya arrondissement: 75018 ni ya 18. Ukipewa anwani ya arrondissement ya 21 ya Paris, achana nayo.

Nakusisitizia hili kwa sababu kibali chako cha ukaazi kitashughulikiwa na ofisi za mahali unapoishi, na aliye Seine-Saint-Denis haendi ofisi moja na aliye Paris. Umepata nafasi ya masomo kwa juhudi zako mwenyewe, nami najivuna mbele ya majirani, lakini una haraka ya kusema ndiyo, na haraka hiyo nimekukanya tangu zamani. Kukaa Saint-Denis si aibu, na treni zipo. Ninachotaka ni ujue unakokwenda.

Fundi amemaliza paa la jikoni ila bado anadai nusu ya fedha. Bibi yako ameshona sweta mbili, usiziache kabatini kwa sababu ya rangi. Mdogo wako anahitaji viatu vya shule, kwa hiyo fedha tulizokutengea hazitarudiwa zikipotea. Niandikie anwani kamili, jina la mtaa na tarakimu zote tano za posta, kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo baba yako anakwenda benki.

Mama yako