Kabla hujanunua kiyoyozi, tazama paa lako

Kuanzia mwisho wa Septemba hadi mvua zinapoanza Desemba, swali tunaloulizwa zaidi kwa simu ni hili: "Mnafunga AC?" Hatufungi. Sisi hapa Dodoma tunajenga kwa paneli zenye povu katikati, na anayeuliza AC tunamwomba kwanza atueleze nyumba yake imejengwaje. Majibu yanafanana: tofali za bloku inchi sita, bati, dari ya jipsamu, na kati ya bati na dari hakuna kitu zaidi ya hewa na vumbi.

Shida iko hapo juu. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mapema Oktoba jua la saa sita mchana linapita karibu kabisa utosini, na mawingu bado hayajaja. Saa hizo kuta hazipigwi sana. Linalopigwa ni paa. Bati likikaa kwenye jua hilo linafika nyuzi 60 na kuendelea, hewa iliyo juu ya dari inapata moto, na jipsamu nyembamba haina ubavu wa kuuzuia usishuke. Ukitaka kuhakikisha, panda kwenye stuli saa nane mchana uweke kiganja kwenye dari ya chumba chako, kisha ukiweke ukutani. Utajua mwenyewe joto linatokea wapi.

Jioni ni zamu ya ukuta wa magharibi. Bloku la inchi sita linapokea joto polepole na kulitoa polepole. Jua la saa tisa na saa kumi linalolipiga kwa nje linachukua saa nne au tano hivi kutokea ndani, yaani linaingia chumbani saa mbili au saa tatu usiku, watoto wakiwa wanalala. Nje kumeshapoa, upepo unavuma, ila ndani ukuta ndio kwanza unaanza kutoa moto wake. Tumeingia nyumba za Iyumbu na Nkuhungu tukakuta kitanda kimevutwa katikati ya chumba, mbali na ukuta, kwa sababu hiyo tu.

Wagogo walilijua jambo hili zamani. Tembe ina kuta nene za udongo na paa bapa lililofunikwa udongo mwingi juu ya miti, na mchana wa Novemba ndani yake panakalika. Simwambii mtu arudi kwenye tembe. Ninachosema ni kwamba waliweka kinga nene kuliko yote mahali jua linapopiga zaidi, nasi tumeitoa tukaweka bati lisilofika nusu milimita, bila kuweka chochote badala yake.

Sasa paneli. Ni mabamba mawili magumu yaliyogandishwa kwa gundi na mgandamizo kiwandani, katikati yake kuna povu gumu nene. Povu lenyewe ni ukoo mmoja na lile jeupe linalokuja na televisheni mpya ndani ya boksi, ila la ujenzi limeshindiliwa zaidi. Watu wakisikia hivyo wanashtuka: nyumba ya povu? Nguvu haiko kwenye povu. Mabamba mawili ndiyo yanayobeba mzigo, na povu linayashika yasipinde, huku likizuia joto kupita. Jambo hili si geni duniani. Maabara ya mazao ya misitu ya serikali ya Marekani, iliyoko Madison, Wisconsin, ilianza kujaribu nyumba za paneli miaka ya 1930, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 msanifu Alden Dow alijenga nyumba zenye povu katikati kule Michigan. Wao walikuwa wanapigana na theluji. Lakini chupa inayotunza chai ya moto ndiyo hiyo hiyo inayotunza maji ya baridi, na kinga iliyowafaa wao inatufaa na sisi.

Ukuta wa paneli wenye povu la sentimita 10 unapitisha kama moja ya saba au moja ya nane ya joto linalopita kwenye bloku tupu la inchi sita. Uzito nao unashuka sana. Mita moja ya mraba ya ukuta wa bloku ina kilo 300 hivi kabla ya lipu, wakati ya paneli yenye mabamba ya saruji haifiki 40. Kwa Dodoma kuna faida nyingine ambayo mteja anaiona kwenye mfuko wake: maji. Ujenzi wa bloku unataka maji ya kufyatulia, ya kujengea, ya lipu, na ya kumwagilia siku hadi siku. Mwenye kiwanja pembezoni mwa mji, anayenunua maji kwa boza, anajua hesabu hiyo. Paneli zinataka maji ya msingi na jamvi la zege la sakafu, basi.

Ila wepesi usimdanganye mtu akapunguza msingi. Sehemu nyingi huku kwetu zina udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na udongo huo unainua nyumba nyepesi kama unavyoinua nzito. Tena nyumba nyepesi inataka kufungwa chini kwa boliti zilizozama kwenye zege, na paa lake lifungwe kwenye kuta kwa vyuma. Pepo za Julai hadi Septemba hazina simile na paa lililoegeshwa tu.

Je, ujenge nyumba nzima kwa paneli? Kama nyumba yako imeshasimama, usivunje chochote. Anza na paa. Unaweza kuezua bati ukaweka paneli za bati zenye povu, au kwa gharama ndogo zaidi ukatandika mabamba ya povu juu ya dari uliyonayo, ukiacha matundu ya hewa kwenye kingo za paa. Hela ikipatikana tena, nenda kwenye ukuta wa magharibi: bandika povu kwa nje, weka wavu, piga lipu. Nasema kwa nje kwa makusudi. Ukibandika kwa ndani, bloku litaendelea kuungua jua, na utapoteza kitu cha thamani kubwa, ambacho ni baridi ya usiku.

Usiku wa Dodoma ni mali. Hata Novemba, mchana ukifika nyuzi 31 au 32, usiku hushuka chini ya 20, na Juni na Julai unafika 13 au 14. Nyumba iliyokingwa kwa nje, ikiwa na vitu vizito ndani kama jamvi la zege na kuta za bloku za kugawa vyumba, inafunguliwa madirisha usiku ipoe, kisha inafungwa saa tatu asubuhi pamoja na mapazia. Ule uzito wa ndani unakaa na ubaridi wake hadi alasiri. Ndiyo maana mteja anayeanza upya tunamshauri kuta za nje na paa ziwe za paneli, za ndani ziwe za bloku, hata kama tungepata zaidi kwa kumuuzia paneli kila mahali. Nyumba nyepesi tupu isiyo na kitu kizito ndani hupata joto upesi mara mlango unapofunguliwa.

Sasa mchwa, maana hapa ndipo paneli nyingi zinapoharibika. Paneli nyingi za nyumba zinazotengenezwa Marekani na Ulaya huwa na mabamba ya vipande vya mbao vilivyogandishwa. Kwa ardhi yetu siwezi kukushauri uzichukue. Mchwa wanakula mbao hizo, na ingawa povu hawali, wanalitoboa na kuweka makazi ndani yake, ukuta ukiwa mzima kwa nje. Chukua mabamba ya saruji au ya chuma. Paneli ikae juu ya msingi ulionyanyuka angalau sentimita 15 kutoka ardhini, udongo chini upigwe dawa kabla ya jamvi, na bustani isirundikwe ukutani. Njia ya mchwa ionekane kwa macho kabla hawajafika kwenye povu.

La pili ni maungio. Paneli nzuri iliyoungwa vibaya ni pesa iliyotupwa, kwa sababu hewa ya moto inapita kwenye mwanya wa milimita mbili kama inavyopita mlangoni. Kila kiungo kinajazwa povu la kupuliza, kinafungwa skrubu, kisha kinazibwa. Fundi anayekwambia "hiyo lipu itaziba" msimamishe.

Nyaya za umeme nazo zina siri yake. Plastiki ya waya wa kawaida ikigusana na povu hili kwa miaka inakauka na kuwa ngumu hadi kupasuka, kwa hiyo kila waya lazima upite ndani ya bomba. Povu pia huanza kulegea kwenye nyuzi 100 hivi na linaungua likiachwa wazi. Tunadai lile lenye dawa ya kupunguza moto, na upande wa ndani lifunikwe jipsamu au lipu bila kuacha hata tundu la soketi wazi.

Wengine wataendelea kutaka kiyoyozi, hasa wenye ofisi, na si vibaya. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kinakula yuniti 1 hivi kwa kila saa mashine inapozunguka. Kwenye nyumba ya bati tupu inazunguka bila kupumzika, na mwenye nyumba aliyekuwa kwenye bei nafuu ya TANESCO ya wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi anatoka humo ndani ya wiki mbili. Kwenye nyumba iliyokingwa inazunguka kidogo na kuzima.

Ukija ofisini, njoo na ramani kabla hujamlipa fundi wa kupaua. Paneli zinakatwa kiwandani kwa vipimo vya ramani, na dirisha likihamishwa baadaye ni gharama. Tuoneshe kwenye karatasi jua linazama upande gani wa kiwanja, na chumba gani umekipangia kulala. Tuambie pia utatundika wapi televisheni na makabati ya jikoni, ili tuweke mbao za kushikilia skrubu ndani ya paneli mapema. Kama nyumba imeshajengwa, picha ya ndani ya dari, kenchi zikionekana, inatosha kuanzia mazungumzo.