Habari kubwa za fizikia ziandikwe hadi mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu habari za fizikia zinazotoka na vichwa vya kushtua: Einstein apinduliwa, umeme wa bure waja, siri ya ulimwengu yafichuka. Nafundisha fizikia sekondari. Habari ya namna hiyo ikitoka leo, kesho kidato cha tano kizima kinanisubiri na swali moja tu: "Mwalimu, ni kweli?" Siku hizi siwajibu ndiyo wala hapana. Nawarudisha Septemba 2011.

Mwezi huo watafiti wa mradi wa OPERA walitangaza matokeo ya ajabu. Nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya mwamba kwa urahisi, zilirushwa kutoka CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kilomita 730 hivi. Kwa vipimo vyao, zilifika nanosekunde 60 (sekunde 60 kwa bilioni) kabla ya muda ambao nuru ingefika, wakati nadharia ya Einstein inasema hakuna kinachoipita nuru. Vyombo vya habari duniani vikalipuka. Wizara ya elimu ya Italia nayo ikatoa taarifa ya pongezi, ikajisifu kwamba nchi hiyo ilichangia yuro milioni 45 kujenga handaki kati ya CERN na Gran Sasso. Handaki la kilomita 730! Halikuwepo wala halikuhitajika. Chembe hizo hupita ardhini moja kwa moja.

Jambo ambalo vichwa vya habari havikulibeba ni kauli ya watafiti wenyewe. Walisema wametafuta kosa kwa miezi wasilipate, wakaomba wenzao wakague, na katika ripoti yao wakakataa makusudi kueleza maana ya matokeo hayo. Yaani waliokuwa na shaka zaidi ni wale wale waliopima.

Msomaji wa kawaida angejuaje? Kwanza, angeuliza ni mambo mangapi yaliyokwisha kuthibitishwa yatakayobidi yaanguke ili habari hii isimame. Mwaka 1987 nyota ililipuka umbali wa miaka ya nuru 168,000 hivi kutoka kwetu. Nyutrino zake zilinaswa duniani saa chache tu kabla ya nuru yake kuonekana, na sababu inajulikana: nyutrino hutoka mapema katika kiini cha nyota, wakati nuru inasubiri mlipuko ufike juu. Kama zingekuwa na mwendo ule uliodaiwa na OPERA, zingetangulia kwa miaka kama minne. Ni kweli nyutrino za nyota ile zilikuwa na nishati ndogo kuliko zile za CERN, hivyo hoja hiyo haikufunga mjadala, lakini ilitosha kumfanya mtu atulie.

Mwanzoni mwa 2012 kosa likaonekana. Kebo ya mkongo iliyoleta ishara ya saa kutoka kwenye kipokezi cha GPS haikuwa imekazwa sawasawa, ishara ikachelewa, na nyutrino zikaonekana kama zimewahi. Kikundi kingine kilichokuwa humo humo Gran Sasso, ICARUS, kilipima upya na kukuta mwendo wa nyutrino haupishani na ule wa nuru. Msemaji wa OPERA alijiuzulu wadhifa huo Machi 2012. Sasa waulize wasomaji wako ni wangapi wanaikumbuka ile kebo. Wengi wanakumbuka Einstein aliyepinduliwa, kwa sababu ndiye aliyewekwa ukurasa wa kwanza.

Julai 2023 tukarudi pale pale. Watafiti wa Korea Kusini walidai kwamba madini waliyoyaita LK-99 yanapitisha umeme bila ukinzani wowote, yaani bila kupoteza nishati njiani, katika joto la kawaida. Dai liliwekwa mtandaoni kabla ya kuhakikiwa na wataalamu wengine, na video ya kipande kilichoinua upande mmoja juu ya sumaku ikazunguka kila simu. Kabla ya Agosti kwisha, maabara za nchi mbalimbali zilikuwa zimejaribu na kukosa. Ule ukinzani ulioporomoka ghafla, uliochukuliwa kuwa ushahidi wa dai lao, ulielezwa na uchafu wa salfaidi ya shaba uliokuwa ndani ya sampuli.

Wala kuhakikiwa si kinga kamili. Jarida la Nature, lenye heshima kuliko mengi, liliondoa mwaka 2022 na tena 2023 makala mbili za kikundi kimoja cha Marekani kuhusu jambo hilo hilo la umeme usio na ukinzani.

Kuna aina nyingine inayonisumbua zaidi, habari ya kweli iliyokatwa katikati. Desemba 2022 maabara ya Livermore, California, ilipiga kidonge cha haidrojeni kwa leza zenye nishati ya megajuli 2.05, viini vya atomu vikaungana na kutoa megajuli 3.15. Ni mafanikio makubwa kweli, na nilifurahi. Lakini ili kuzitoa hizo megajuli mbili, mitambo ya leza ilivuta karibu megajuli 300 kutoka kwenye gridi. Gazeti lako liliandika takwimu mbili za kwanza, hii ya tatu likaiacha, kisha likatangaza kwamba nishati isiyokwisha imepatikana. Wanafunzi wangu walinionyesha ukurasa huo wakiuliza kwa nini bado tunanunua umeme wa LUKU.

Ombi langu ni dogo. Chini ya kila habari ya namna hii iwekwe mistari miwili: matokeo yamechapishwa wapi, na je, kuna kikundi kingine kilichopima kikapata vilevile? Kama bado hakijapatikana, andikeni hivyo. Kisha baada ya miezi sita mwandishi aifuatilie, na majibu, hata yakiwa ya kebo iliyolegea, yawekwe ukurasa ule ule kwa herufi za ukubwa ule ule.

Wako,
Mwalimu wa fizikia, Morogoro