Chai tunakunywa, lakini na daftari lipo

Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika juzi kwamba vyama vyetu vya wachoraji ni vya kunywea chai hakukosea sana. Chai tunakunywa. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi alasiri, chini ya mwembe, na vitumbua juu yake. Nusu ya kikao huishia kwenye nani kachelewa na nani hajalipa ada. Mimi nina mwaka wa tisa katika chama hapa Bagamoyo na nimewahi kudaiwa ada ya miezi saba, kwa hiyo simtetei mtu. Ila kuna daftari ambalo msomaji huyo hakulitaja.

Ni kauntabuku nene iliyovalishwa nailoni kwa sababu ya chumvi ya bahari. Ukimaliza picha unampelekea katibu. Anaandika jina lako, picha inaonyesha nini, kimo na upana kwa sentimita, umechora juu ya hadibodi au kitambaa, na tarehe. Ikiuzwa, anaongeza kauzwa nani na kwa bei gani. Pembeni anagandisha picha ndogo iliyopigwa kwa simu na kutolewa steshenari. Wewe unatia sahihi, na shahidi mmoja anatia yake. Gharama yake shilingi 500.

Miaka mitatu ya mwanzo sikuandikisha hata picha moja. "Hiyo ni hela ya vitumbua," nilisema, tena mbele za watu.

Kipindi hicho nilichora wakaanga samaki wawili wa pale sokoni ufukweni. Mmoja amegeuza uso kukwepa moshi, kanga imemporomoka begani. Kanga ile ilinichukua siku nne. Ilikuwa ya marehemu mama, nyekundu, na maneno yake sikuyaandika yote. Niliacha herufi mbili tu, W na A, zimejikunja ndani ya pindo, za kuonwa na mwenye macho. Haikuwa kazi ya kuagizwa. Mwenye nyumba moja ya wageni aliikuta kwenye kibanda changu, tukapatana 80,000, akaondoka nayo kwenye bodaboda, na mimi nikaenda kulipa kodi ya chumba.

Mwaka haujaisha, nikapishana njiani na mgeni kavaa fulana. Kifuani wanawake wawili, moshi, kanga nyekundu. Nilimsimamisha yule kaka wa watu kama mwendawazimu, nikainama kutazama pindo. W na A zile pale.

Nikaenda kwa mwenye nyumba ya wageni. Akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, si uliniuzia?" Nikamwambia nilikuuzia picha, sikukuuzia fulana. Akauliza nina uthibitisho gani kwamba ni kazi yangu. Sahihi yangu ilikuwa chini kulia, na kwenye fulana sehemu hiyo ilikatwa. Picha yenyewe alishamuuzia mgeni, imesafiri. Risiti sikuandika. Simu niliyoipigia picha iliingia maji ya bahari zamani.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko upande wangu, hilo nilikuja kulijua baadaye. Kununua picha si kununua haki ya kuinakili, na haki hiyo mchoraji anayo tangu anapoimaliza kazi yake, hata kama hajaisajili popote. Sawa. Lakini nitamwonyesha nani, na nitamwonyesha nini?

Nikaenda kwa mwenyekiti nikiwa na aibu yangu. Mzee hakunicheka. Alifungua daftari, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, kidole kinashuka polepole kwenye majina, ingawa nadhani alishajua. Mwisho akasema, "Mwanangu, humu humo."

Miaka miwili baadaye kijana mmoja wa chama chetu alikuta picha yake ya ngalawa kwenye kalenda ya ukutani. Yeye alikuwamo: ukurasa, tarehe, vipimo, sahihi mbili. Mwenyekiti na katibu walimsindikiza na daftari kwapani. Hawakufika mahakamani. Alilipwa, si nyingi, na kalenda ya mwaka uliofuata ilikuwa na jina lake chini ya ngalawa. Siku hiyo niliandikisha picha sita kwa mpigo, na katibu akanitania kuhusu vitumbua mpaka Magharibi.

Hata wakubwa wetu hawakusalimika. Edward Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyechora kwa rangi za baiskeli kule Dar es Salaam, alikufa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, na mpaka leo zinatembea picha zenye sahihi yake ambazo mkono wake haukuzigusa.

Sasa niseme na ubovu wetu, msomaji asidhani nalipamba. Daftari ni moja tu. Linakaa kabatini kwa katibu, na nyumba ya katibu ina mchwa. Nimependekeza kila ukurasa upigwe picha na kila mwanachama abaki na nakala yake, na kazi kubwa kubwa tukazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi. Vikao vitatu tunajadili nani atatoa bando. Hapo ndipo msomaji wenu alipotupata.

Kwa vijana wanaomaliza masomo ya sanaa hapa mjini na kuweka picha barabarani bila chama: kama ada inawashinda, nunueni hata daftari la shule, mwandike, na mpate shahidi.

Na huyo msomaji namkaribisha Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Vitumbua ni zamu yangu.

Mchoraji wa Dunda,
Bagamoyo
(Jina langu mnalo)